Sola ikizima usiku: kagua mipangilio ya inveta kabla ya kununua betri nyingine

Malalamiko kuhusu sola za nyumbani katika kaunti za Kisii na Nyamira yanafanana. Paneli ziko juu ya mabati, betri zilinunuliwa mwaka jana, inveta inawaka taa ya kijani, lakini ikifika saa tatu usiku nyumba inaingia giza. Au taa hazizimi, ila tokeni zinaisha upesi vilevile kama kabla ya sola. Mara nyingi mwenye nyumba huambiwa betri zimekufa, naye hushuka Kisii mjini au Keroka kununua nyingine. Hizo mpya nazo huharibika kabla ya miaka miwili, kwa sababu kilichoziua za kwanza bado kipo: namba chache ndani ya inveta ambazo hazijabadilishwa tangu kifaa kilipotolewa kwenye sanduku.

Betri ndiyo sehemu inayogharimu zaidi katika mifumo mingi ya nyumbani. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi iliyotunzwa yaweza kufika miaka mitano, na ya lithiamu kumi. Iliyochajiwa vibaya huisha kwa miezi. Kwa familia inayouza majani chai au ndizi ili kulipia betri hizo, tofauti hiyo ni karo ya mtoto.

Makala haya yanahusu mfumo wa kawaida wa eneo hili: paneli chache, inveta ya kilowati 1 hadi 5 yenye chaja ndani yake, betri, na laini ya Kenya Power inayoingia kwenye inveta hiyo hiyo. Mwenye nyumba anaweza kusoma na kubadilisha namba kwenye skrini bila hatari akiwa na kitabu cha maelezo mkononi. Kufungua kifuniko au kugusa waya ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Kwanza, betri ni ya aina gani?

Inveta haijui imefungiwa betri gani. Inaambiwa. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeambiwa kwamba betri ni ya asidi isiyofunguliwa, ambayo kwenye skrini huandikwa AGM. Kuna pia FLD, yaani betri ya kuongezwa maji, na USE, yaani mwenye kifaa ataweka namba zake mwenyewe. Inveta mpya zina LIB au alama nyingine ya lithiamu. Namba za menyu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini katika aina nyingi zinazouzwa hapa, aina ya betri iko kwenye namba 05.

Kosa hapa lina gharama kwa pande zote. Betri za asidi mbili za volti 12 zikiunganishwa kuwa 24 huhitaji kuchajiwa hadi karibu volti 28.8, kisha zishikiliwe kwenye volti 27 hadi 27.6 zikishajaa. Betri ya lithiamu ya volti 24, ile yenye seli nane, hutosheka na karibu volti 28.4 na haihitaji kushikiliwa juu siku nzima. Kikwazo kikubwa zaidi ni kile kiitwacho kusawazisha, ambapo inveta hupandisha volti kwa saa kadhaa ili kuchemsha betri ya maji na kuisafisha. Kwa betri ya maji hiyo ni dawa ikitumiwa kwa kipimo. Kwa betri ya jeli ni hatari. Kwa lithiamu haifai hata mara moja, na lazima izimwe kwenye menyu.

Wenye lithiamu ya volti 48 wana mtego wao. Betri hizo hutengenezwa kwa seli 15 au seli 16, na kwa nje zinafanana. Ya seli 16 huchajiwa hadi karibu volti 56 au 56.8. Ya seli 15 haiwezi kuvuka 54.7 bila kuumia. Ukiweka namba ya kumi na sita kwenye betri ya kumi na tano, ubongo mdogo ulio ndani ya betri hujilinda kwa kukata umeme ghafla. Dalili yake huwashangaza wengi: nyumba inazima saa saba mchana, jua likiwa kali na betri ikiwa imejaa. Watu hutafuta tatizo kwenye paneli. Dawa iko kwenye kibandiko cha betri, pale palipoandikwa volti ya juu ya kuchaji, na namba hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye inveta.

Kasi ya kuchaji

Namba 02 kwenye inveta nyingi ni kasi ya juu ya kuchaji, kwa ampea. Mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa 60. Sasa chukua nyumba yenye betri mbili za asidi za ampea-saa 100. Betri hizo hupenda kuchajiwa kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 10, na hazifai kupita 20. Zikimiminiwa 60 zinapata joto, zinavimba ubavuni, na zile za maji hukauka. Mwenye nyumba akigusa betri saa sita mchana na kuiona ina moto, asingoje kitu kingine. Ateremshe namba hiyo siku hiyo hiyo.

Kuna pia kasi ya kuchaji kwa stima peke yake, ambayo kwa kawaida ni namba 11. Hiyo iwekwe chini zaidi, ampea 10 au 20, kwa sababu stima ina usiku mzima wa kufanya kazi hiyo na haina haja ya haraka.

Betri iache kutumika lini?

Hapa ndipo betri nyingi za asidi huuawa. Inveta ya volti 24 kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa tayari kunyonya betri hadi volti 21 kabla ya kuzima. Hiyo ni volti 10.5 kwa kila betri, nayo ni betri iliyokauka kabisa. Betri ya asidi ikipumzika bila mzigo husoma hivi: ikijaa, volti 25.4, ikiwa nusu, takriban 24.4, ikikaribia kwisha, 23.6. Anayetaka betri zake zidumu asizishushe chini ya nusu mara kwa mara.

Kwa kuwa volti hushuka kidogo taa na televisheni zikiwa zinawaka, kizingiti cha kurudi kwenye stima kinaweza kuwekwa volti 24 badala ya 23 ya kiwandani, na kizingiti cha kuzima kabisa kipandishwe hadi volti 23. Saa za mwanga usiku zitapungua. Huo ndio ukweli wa betri ndogo, na ni afadhali kuujua mapema kuliko kuufundishwa na betri iliyokufa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri mbili za ampea-saa 200 zina yuniti 4.8 kwa jina. Nusu yake, inayotumika bila madhara, ni yuniti 2.4. Nyumba yenye televisheni ya wati 80, balbu sita za wati 7, kifaa cha intaneti cha wati 10, friji inayotumia wastani wa wati 50, na inveta yenyewe inayokula wati 50, inatumia karibu wati 230. Ukitoa kinachopotea njiani, hapo pana saa tisa hivi. Ukianza saa kumi na mbili jioni, unafika saa tisa usiku. Anayetarajia kufika asubuhi azime televisheni mapema au aongeze betri. Hakuna namba ya menyu itakayomwongezea umeme ambao hana.

Kwa lithiamu mambo ni tofauti. Yaweza kushushwa hadi asilimia 20 bila shida kubwa. Lakini volti yake karibu haibadiliki kutoka asilimia 80 hadi 30, kwa hiyo inveta inayokisia kwa volti huonyesha asilimia za uongo. Ndiyo maana mtu huona 70 kwenye skrini na dakika ishirini baadaye yuko gizani. Kama betri ina waya wa mawasiliano wa kuunganishwa na inveta, fundi auunganishe na aweke namba ya aina ya betri inayolingana. Kama haina, amini mishale au taa zilizo kwenye betri yenyewe, si za inveta.

Sola iko, lakini tokeni hazipungui

Lalamiko hili lina chanzo kimoja mara nyingi kuliko vingine vyote. Kwenye namba 01 kuna herufi tatu tatu zinazoonyesha nani atangulie kulisha nyumba. USB (haihusiani kabisa na waya wa simu) maana yake ni stima kwanza. Jua na betri hungoja hadi stima ipotee. Inveta nyingi hufika zikiwa hivyo. Mwenye nyumba ametumia pesa nyingi, paneli zinachoma juu ya paa, na nyumba bado inakula tokeni kana kwamba paneli hazipo. SUB maana yake jua hulisha nyumba kwanza, stima ijazie panapopungua, na betri ingoje siku ya kukatika stima. SBU maana yake jua, kisha betri, na stima mwisho kabisa, betri ikifika kwenye kile kizingiti.

Herufi hizo zina ndugu zake kwenye namba 16, zinazoamua nani achaji betri. OSO ni jua peke yake. SNU ni jua na stima kwa pamoja. CSO ni jua kwanza, lakini jua likizama, stima inachukua kazi.

Ukichanganya SBU na CSO unapata kitanzi cha ajabu. Jioni nyumba inatumia betri. Saa tano usiku betri inafika kwenye kizingiti na inveta inarudi kwenye stima. Kwa kuwa hakuna jua, stima hiyo hiyo inaanza kuchaji betri hadi alfajiri. Jua linapochomoza Nyansiongo au Ogembo, betri imejaa tayari kwa tokeni za usiku, na paneli hazina pa kumwaga umeme wao. Mwenye nyumba amenunua sola ili ahifadhi stima ya Kenya Power kwenye betri, na kupoteza sehemu yake njiani kila usiku.

Jambo hili lina uzito kwa bei pia. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani hupangwa kwa madaraja: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Inveta ya kilowati 5 inayokula wati 50 kwa ajili yake mwenyewe, mchana na usiku, inatumia yuniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Ikiachwa kwenye stima kwanza, kifaa hicho peke yake, bila balbu hata moja, kinaweza kuitoa familia ndogo kwenye daraja la chini. Nyumba yenye taa nne na redio haina haja ya inveta kubwa namna hiyo, hata kama muuzaji anaisifu.

Masika na kiangazi havitumii mpangilio mmoja

Je, basi kila mtu aweke SBU na OSO na kusahau? Hapana, si katika eneo hili. Nyanda za Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, na nyingi zaidi kuanzia Machi hadi Mei. Asubuhi huwa na jua, kisha mawingu kutoka upande wa Ziwa Victoria hukusanyika alasiri na mvua ya radi hufuata. Paneli nne za wati 400 zinaweza kutoa yuniti tano siku nzuri ya Januari. Siku ya mawingu mazito ya Aprili zinaweza kutoa chini ya mbili.

Betri ya asidi iliyoshuka hadi nusu na isijae kwa siku nne au tano mfululizo huanza kuota ukoko mweupe kwenye sahani za ndani, na ukoko huo ukikomaa hautoki. Kwa hiyo katika miezi ya mvua ni busara kubadilisha namba 16 kuwa SNU, kwa ampea kidogo, ili stima ijazie kile jua lilichoshindwa. Itagharimu tokeni kiasi, lakini tokeni ni rahisi kuliko betri. Mwezi wa Desemba au Januari, mpangilio urudishwe OSO. Mwenye lithiamu hana haraka hiyo, kwa sababu betri yake haiumii kwa kukaa nusu. Yeye anaweza kubaki na jua peke yake na kurudi kwenye stima usiku ikibidi.

Mvua za alasiri zina somo jingine kwa anayejenga au kuhamisha paneli. Kisii iko chini ya nyuzi moja kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu juu ya kichwa na upande wa kuelekezea paneli si jambo kubwa kama ilivyo Ulaya. Lakini kwa kuwa jua la uhakika ni la asubuhi, paa linalotazama mashariki hushinda linalotazama magharibi. Kazi nzito kama kupiga pasi na kupandisha maji kwa pampu zifanywe kati ya saa tatu na saa sita mchana.

Kivuli nacho huhama. Mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 20, na Desemba huegemea kusini. Mkaratusi au mparachichi ulio kaskazini mwa nyumba ambao haukuwa na neno mwezi Desemba unaweza kufunika paneli Juni. Paneli zilizounganishwa mfululizo huvutana: moja ikifunikwa, zote hushuka. Mtu akiona umeme wa mchana umepungua kati ya Mei na Agosti bila sababu, atoke nje saa nne asubuhi na atazame juu ya paa kabla ya kugusa menyu.

Stima iko kwa jirani, inveta haiioni

Katika vijiji vilivyo mwisho wa laini ya transfoma, volti hushuka jioni kila nyumba inapowasha taa na vifaa. Stima ya Kenya inapaswa kuwa volti 240. Inveta iliyowekwa UPS kwenye namba 03 hukataa stima iliyo chini ya volti 170 na kuendelea kunyonya betri hadi iishe. Mwenye nyumba anaona kwa jirani kuna mwanga, kwake giza, na anadhani inveta imeungua.

Mpangilio wa pili, APL, hukubali stima hata ikiwa volti 90. Unasaidia, lakini una gharama, kwa sababu inveta hupitisha stima hiyo dhaifu moja kwa moja kwenye nyumba. Balbu hazijali. Friji inajali sana, na mota yake inaweza kuungua. Anayechagua APL aweke kilinda volti kwenye friji na kwenye pampu. Katika nyumba ya mgonjwa anayetegemea dawa za kuwekwa kwenye baridi, kama insulini, heri kubaki UPS na kuongeza betri.

Skrini ya inveta huonyesha volti ya stima inayoingia. Isomwe saa mbili usiku kwa siku tatu. Ikiwa mara zote iko chini ya 200, tatizo ni la laini, si la sola, na linapaswa kupelekwa Kenya Power kupitia namba 97771 au *977#. Anayepeleka lalamiko akiwa na namba alizoandika, pamoja na siku na saa, ana hoja nzito kuliko anayesema stima yake ni hafifu.

Saa ya inveta si saa yetu

Inveta zinazoweza kupangiwa muda wa kuchaji hutumia saa 24 za kuanzia usiku wa manane. Saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00 na saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Anayeandika 12:00 akifikiria alfajiri ameiambia mashine saa sita mchana. Kosa hilo ni rahisi kufanya na gumu kuliona, kwa sababu hakuna kengele inayolia. Kabla ya kupanga muda wowote, hakikisha pia kwamba saa yenyewe ya kifaa inasoma sawa. Nyingine hupoteza saa zikizimwa.

Kengele na namba zake

Namba za hitilafu nazo hutofautiana, lakini kwenye aina nyingi 01 ni feni iliyokwama, mara nyingi kwa vumbi au wadudu. 02 ni joto kupita kiasi. 03 ni volti ya betri kuwa juu mno. 04 ni kuwa chini mno. 05 ni nyaya kugusana upande wa nyumba. Na 07 ni mzigo kuzidi. Namba 07 haina fumbo. Birika la maji hula wati 2,000 na pasi zaidi ya 1,000. Inveta ya kilowati 1 haitabeba hata moja kati ya hizo, na kubadilisha menyu hakutasaidia.

Kengele ya 04 ikija mapema usiku ingawa namba zote ziko sawa, sasa betri yenyewe inaweza kushukiwa. Fundi azipime moja moja baada ya kupumzika kwa saa chache bila mzigo wala chaji. Zikitofautiana kwa nusu volti au zaidi, iliyo chini ndiyo mgonjwa, nayo inavuta mwenzake. Betri mpya isifungwe pamoja na ya zamani kuokoa pesa. Ya zamani huishusha mpya hadi kiwango chake. Betri za maji ziongezewe maji yaliyosafishwa ya dukani tu, si ya mvua wala ya kisima.

Mambo ambayo menyu haiyatatui

Kuzima mfumo kuna mpangilio wake: kwanza vifaa vya nyumba, pili stima, tatu swichi ya paneli, mwisho betri. Kuwasha ni kinyume, betri ikitangulia. Kuondoa betri paneli zikiwa bado zinaingiza umeme kunaweza kuunguza inveta papo hapo.

Radi ni adui wa kweli katika kaunti hizi mbili. Mfumo unahitaji vifaa vya kupokea mshtuko upande wa paneli na upande wa stima, pamoja na fito ya chuma iliyozamishwa ardhini na kuunganishwa kwa fremu za paneli. Dhamana nyingi za inveta hazilipi kifaa kilichopigwa na radi. Wingu likianza kujikusanya, swichi zizimwe mapema. Radi ikishaanza, hakuna mtu anayepaswa kugusa waya au kupanda paani.

Inveta kamwe isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili kulisha nyumba wakati stima imekatika. Umeme huo hutoka nje kupitia mita, transfoma huupandisha, na mfanyakazi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo akidhani laini imekufa anaweza kupoteza maisha. Vivyo hivyo, mpangilio wa kurudisha umeme kwenye gridi uzimwe. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaruhusu mteja kuingiza umeme wake kwenye gridi, lakini kwa mkataba na msambazaji na mita inayofaa. Bila hayo, baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kama uliotumika, na mwenye nyumba hulipia jua lake mwenyewe.

Kanuni za mifumo ya sola za mwaka 2012 zinamtaka fundi awe na leseni, ambayo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Leseni zina madaraja, T1 hadi T3, na mfumo unaounganishwa na stima unahitaji mwenye T3. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona kabla ya kazi kuanza. Aombe pia aandikiwe kwenye karatasi namba zote zilizowekwa: aina ya betri, volti ya kuchaji, ya kushikilia, ya kuzima, kasi ya kuchaji, na herufi za namba 01 na 16. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani kando ya inveta. Baada ya badiliko lolote, volti ya betri iandikwe saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku na alfajiri kabla ya jua, kwa siku tatu. Badilisha namba moja kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana ipi iliyosaidia.

Betri iliyokufa kweli isivunjwe shambani wala kumwagwa asidi mtaroni. Ina risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo, na maji ya mitaro ya Gusii huishia kwenye mito inayonywewa na mifugo na watu hadi ziwani. Wauzaji wengi wa betri hununua kuukuu kwa uzito wake au hupunguza bei ya mpya. Betri ipelekwe ikiwa nzima, imesimama, vifuniko vikiwa vimefungwa.